Kilima Tulichokiita Bunge

Baba yangu mpendwa,

Leo nimepanda Bungeni peke yangu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hoja isiyomfikia mpinzani ni kelele tu, kwa hiyo nimeona nikuandikie, ingawa najua hutajibu. Ukimya wako ndio jambo lililonishinda kulizoea. Katika maisha yetu yote hukuwahi kuniachia neno la mwisho kwa hiari yako, isipokuwa mara moja, na mara hiyo moja imenitesa kuliko zote ulizonishinda.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengine, wacha niwaeleze kwanza Bunge ni nini. Nyuma ya nyumba zetu hapa Hässelby, pembezoni mwa Stockholm, karibu na mahali treni za mstari wa kijani zinapoishia, kuna msitu wa Grimsta, na ndani ya msitu kuna kilima. Wewe uliyezaliwa Wundanyi, ambako watu hulima mahindi kwenye miteremko inayowashinda mbuzi, ulikiita kichuguu. Hata hivyo ndiko ulikonipeleka kila Jumamosi tangu tulipohamia hapa, nilipokuwa mtoto wa shule mwenye lugha mpya mdomoni na hasira nyingi kifuani. Sheria ulizitunga wewe. Lugha ni Kiswahili tu, hata kama wiki nzima nimeota kwa Kiswidi. Wewe ni Serikali, mimi ni Upinzani, na sote ni Waheshimiwa. Mjadala unaanza chini, kwenye benchi la mbao, kisha tunapanda mbio tukipokezana maneno. Atakayekatikiwa na pumzi kabla ya kumaliza sentensi ameshindwa, hata kama ukweli wote wa dunia uko upande wake. Na kwenye mteremko wa kurudi hakuna kujadili. "Kushuka kila mtu ana pumzi," ulisema. "Sitaki ushindi wa bure."

Tulijadili kila kitu. Tulijadili kama ukimya wa Waswidi ndani ya treni ni heshima au ni woga. Tulijadili kama mtu anaweza kumpenda Mungu bila kwenda kanisani, hoja ambayo Mama alikukataza kuirudia. Nilipoingia chuo kikuu nikaanza kuja na vitabu kichwani, nikidhani sasa nitakumaliza, nawe ulikuwa ukiniachia nipange hoja zangu nzuri mpaka tufike pale njia inapopinda kwenye miamba, ambapo kilima kinasimama wima. Hapo ndipo ulipouliza swali lako la kwanza.

"Mheshimiwa anapumua kama trekta," ulisema siku moja.

"Mheshimiwa wa Serikali anakwepa hoja."

"Serikali haikwepi. Serikali inapanda."

Ukanipita, mwalimu wa hesabu mwenye mvi na kaptura iliyopauka, ukicheka kwa kile kicheko chako cha puani. Nilikuwa na shahada ya uzamili na mapafu ya kijana, na bado sikuwahi kukushinda kwa haki kwenye hoja kubwa. Nakiri hilo hadharani kwa sababu nina kiburi, na mwenye kiburi hudai angalau ijulikane ameshindwa na nani.

Hoja iliyokuwa kubwa kuliko zote ni ya kaburi. Ulisema ukifa urudishwe Wundanyi, kwenye shamba la nyumbani, kando ya mama yako. Mimi nilisema kaburi si la aliyekufa, ni la wanaobaki, na wanaobaki wako hapa. Nani atapalilia? Nani atakaa nawe siku ya Jumapili? Ulijibu kwamba mtu hachagui pa kulala kwa kuangalia ratiba za wageni. Tuliirudia hoja hiyo miaka mingi, na kila mara pumzi ilinikatika mimi kwanza, pale pale kwenye miamba.

Halafu ukaja ule mwezi wa Februari. Hatukuwa hata tukijadili, tulikuwa tukishuka. Barafu ilikuwa imefunikwa na theluji nyepesi, mguu wangu ukaondoka, na kisogo changu kikafika chini kabla yangu. Nakumbuka matawi yakizunguka polepole, na sauti yako juu yangu.

"Usiinuke. Nimesema usiinuke!"

"Mheshimiwa..."

"Nyamaza. Leo hakuna Bunge."

Hospitalini walinipima, wakasema hakuna kilichovunjika wala kuvuja, ubongo umetikiswa. Nipumzike siku za mwanzo, kisha nianze kutembea taratibu, nirudi haraka nikitapika mfululizo au nikichanganyikiwa. Ushauri ulikuwa wazi. Lakini nyumbani kwetu neno "pumzika" halijui mpaka. Mama alifunga mapazia, akayabana kwa pini za nguo, na nikawekwa gizani kama mbegu ya uyoga. Nilipoomba kutoka, alishika kiuno: "Kutoka kwenda wapi? Umesikia wapi mtu amekufa kwa kukosa mazoezi?" Siku za kupumzika zikawa wiki. Sasa naweza kusema kwa uhakika, nimesoma na nimepitia: giza likirefuka nalo huwa ugonjwa. Kichwa kilichonyimwa kila kitu husahau kustahimili chochote.

Kisha wakaja watu wa ushirika wa kanisani. Sitawasahau, Baba, wala wewe usingekubali niwasahau. Kwetu mgonjwa hutembelewa, na hutembelewa kwa wingi, kwa maombi na kwa nyimbo. Walitoka mbali kama Fittja na Skärholmen, wakabadilisha treni katikati ya jiji wakiwa wamebeba vyakula vya moto, ili waje kuimba juu ya kichwa ambacho hata mlio wa kijiko kwenye kikombe ulikipasua. Nikiwa chumbani nilikusikia ukiwapokea mlangoni.

"Mgonjwa wetu hawezi sauti," ulisema. "Samahanini sana."

"Sasa Mwalimu, tutaondokaje bila hata ubeti mmoja?" aliuliza mama mmoja.

Ulifikiri kidogo. "Basi njooni jikoni. Imbeni, lakini kwa kunong'ona."

Wakaimba kwa kunong'ona. Watu wazima kwa sauti nne, besi ikinguruma chini kama friji, wamesimama kati ya jiko na kabati. Nililala nikisikiliza wimbo usio na sauti, na machozi yakanitoka bila kichwa kuniuma.

Ulijua vilevile kwamba nilijaribu kukimbia mapema mno, maana wewe ndiye uliyenikuta nimekaa kwenye lile benchi la mbao, nimeinamisha kichwa kati ya magoti, nimetapika kwenye theluji. Sikuwa nimefika hata mwanzo wa mwinuko. Moyo ulipoanza kwenda kasi, mtu alianza kugonga nyundo ndani ya fuvu, na msitu ukainama upande mmoja. Hukunigombeza. Ulinifungia kamba ya kiatu, ukanishika mkono, tukarudi. Hakuna jambo lililoniogopesha kama mkono ule. Baba aliyezoea kunipita kwenye miamba alikuwa ananivusha barabara.

Wewe ndiye uliyenipeleka kwa yule mtaalamu wa mazoezi ya tiba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Nilibishana naye, bila shaka. Nilimwambia ama mtu ni mgonjwa apumzike au ni mzima akimbie. Huu utaratibu wa katikati una ushahidi gani? Alinipa makala nisome, akijua fika kwamba herufi zilikuwa bado zinaniogelea machoni. Kisha akanipandisha kwenye baiskeli isiyosogea, akanifunga mkanda wa kupima mapigo ya moyo, akaanza kuongeza uzito kidogo kidogo. Kichwa kilipoanza kulalamika alisimamisha, akatazama mapigo.

"Mpaka wako uko hapa," alisema. "Tutafanya kazi chini yake kidogo, karibu kila siku, nao utapanda wenyewe. Maumivu yakiongezeka kidogo na kupoa upesi, si hatari. Yakikaa, unarudi ngazi moja. Huanzi upya, unarudi ngazi moja tu."

"Na nikiwa nje, bila mkanda?"

"Ongea unapotembea. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo."

Nilikuelezea hayo jikoni jioni ile, na wewe ukacheka mpaka ukashika meza.

"Yaani serikali ya Uswidi imekukataza kushindwa?"

"Kwa maelekezo ya kitabibu, Mheshimiwa."

"Miaka yote natafuta daktari wa namna hiyo, kumbe yuko hapo mtaani!"

Tukaanza upya kwenye tambarare. Ulitoka kazini Skärholmen, ukavuka jiji zima kwa treni, ukaweka mkoba wako chini na bila kukaa ukachukua kofia. Tulitembea hadi kwenye maji ya ziwa la Mälaren na kurudi, mimi na miwani ya jua katikati ya mawingu, tukisema sentensi fupi zisizo na hoja ndani yake. Barafu imeanza kuyeyuka. Bata wamerudi. Wewe uliyachukia maongezi ya hali ya hewa kuliko dhambi, na uliyafanya kwa ajili yangu kila jioni.

Sasa nifike kwenye kochi.

Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula. Nilikuwa nimelala macho yamefumba, siku mbaya, na ili nijione bado ni mimi nikaianzisha hoja ya kaburi. Nilisema, "Serikali itueleze ni kwa nini mtu aliyeishi..." na hapo sentensi ikanipotea. Haikuwa pumzi. Maneno yenyewe yaliondoka, kama mtu anayeingia chumbani na kusahau alichofuata. Nilisubiri. Wewe ulisubiri. Nilitamani uniambie ninapumua kama trekta.

"Sawa, mwanangu," ulisema. "Umeshinda. Mnizike hapa hapa."

Ukainuka, ukaenda kunimiminia chai.

Hukuniita Mheshimiwa. Hilo ndilo nililolisikia, Baba. Ulinipa ushindi niliouwinda tangu utoto, nami niliupokea kama mgonjwa anayeambiwa na daktari awaite jamaa zake awaage. Nikajua kwamba machoni pako nilikuwa nimekuwa mtu wa kuhurumiwa. Nilijiapia kwamba nikipona nitakurudisha Bungeni, tuijadili upya, unishinde vizuri.

Moyo wako ulisimama kabla ya majani kurudi mitini, asubuhi, katika chumba cha walimu, kikombe kikiwa mkononi. Watu wengi wameniambia kwamba hukuteseka. Nawashukuru, lakini siikubali kama faraja. Ni hoja inayojibu swali ambalo sikuuliza.

Tulikaa sebuleni kuamua. Mama alikuwa kwenye kiti chako. Dada yangu Wakesho alikuwa sakafuni, na simu ilikuwa mezani kati ya vikombe, Baba Mkubwa akisikiliza kutoka Wundanyi.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukikimbia naye," Mama aliniambia. "Alisema azikwe wapi?"

Wakesho alijibu kabla yangu, kwa Kiswidi kama kawaida yake, kwamba anakutaka hapa, mahali anapoweza kufika kwa baiskeli. Mimi pia nilikutaka hapa, Baba. Nilikutaka kwa hoja zote nilizowahi kuzijenga, na sasa kwa sababu moja isiyo hoja: sikujua nitaishije bila mahali pa kukuendea.

"Alisema azikwe hapa," nilisema.

Ningeweza kuishia hapo. Ilikuwa kweli, neno kwa neno.

"Mbona kimya? Mtandao umekatika?" sauti ya Baba Mkubwa iliuliza. "Alisema lini?"

"Nilipokuwa mgonjwa."

"Alisemea wapi? Huko mlimani kwenu ama nyumbani?" Alizijua sheria. Ulimsimulia kila Krismasi, ukijisifu.

"Kwenye kochi, Baba Mkubwa. Na hakuniita Mheshimiwa. Aliniita mwanangu."

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Kwenye simu nikasikia jogoo wa kwenu akiwika.

"Basi," Mama alisema. "Mpelekeni kwao."

Wakesho alitoka akaenda kusimama barazani. Hakunisemesha mpaka tulipofika uwanja wa ndege, na hata pale aliniuliza tu kama taa zinaniumiza, kisha akavua kofia yake na kunivika, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

Wundanyi walikubeba kwa mabega. Ulisema kweli, kile cha Grimsta ni kichuguu. Njia ya kwenda shambani inapanda kwenye matuta kama ngazi, na binamu zangu walipokezana jeneza kila kona. Nilisogea nichukue zamu yangu. Baba Mkubwa alinishika mkono wa koti.

"Kichwa kimepona?"

"Bado."

"Basi tembea. Yeye mwenyewe ndiye aliyekutunzia hicho kichwa, unataka kukiangusha mbele yake?"

Nikatembea nyuma yako, na kwa kuwa ndivyo nilivyoelekezwa, nilitembea nikiongea. Niliijadili hoja yote kwa sauti ya chini, sentensi nzima nzima, kituo kwa kituo, nikikwambia kwa nini ulikosea kurudi huku. Wanawake waliokuwa karibu walidhani nasali. Kila nilipomaliza hoja waliitikia: "Amina."

Hujawahi kupata upinzani ulioungwa mkono kiasi kile.

Niliporudi Stockholm sikutaka baiskeli wala kutembea. Yule mtaalamu hakunibembeleza. Aliniambia huzuni nayo huchosha ubongo, hivyo mpaka wangu utakuwa umeshuka, na tutaanzia ulipo, si pale tulipouacha. Tukaanzia ulipo. Majira ya joto yalipita mimi nikitembea tambarare. Siku nzuri niliongeza, siku mbaya nilirudi ngazi moja. Nilijifunza kulala kwa saa zile zile kila siku, kusoma ukurasa na kufunga kitabu kabla kichwa hakijanifungia. Mapazia yako wazi. Nawaambia wote wenye kuugua hivi, na jamaa zao wenye pini za nguo: anzeni mapema kwa kidogo, chini ya mpaka, wala msishindane na mpaka wenyewe. Kiburi changu hakikupenda kuandika sentensi hiyo, lakini ni ya kweli.

Juma lililopita mtaalamu aliniangalia kwenye baiskeli mpaka nikashindwa kuongea, akauliza kichwa kinasemaje. Nikakitikisa: hakuna kitu. "Basi," alisema, "sasa unaruhusiwa kukosa pumzi."

Ndiyo maana leo nimekwenda Bungeni. Majani yameanguka, njia ni ya rangi ya kutu. Nilisimama kwenye benchi la mbao, nikafungua kikao kwa Kiswahili, na mzee mmoja mwenye mbwa akanipisha akidhani niko kwenye simu. Nikaanza kupanda mbio. Nilisema kaburi ni la wanaobaki. Nilisema Wakesho ana baiskeli na hana pa kuipeleka. Nilisema Mama hukunja shuka zako kana kwamba bado zina mwenyewe. Nilikuwa na hoja nzuri, Baba, nzuri kuliko zote nilizowahi kukuletea, na nilifika kwenye miamba, pale unapouliza swali lako la kwanza, nikasema, "Na mimi, Mheshimiwa, mtoto wako, nahitaji mahali pa..."

Pumzi ikakatika.

Nilisimama nimeshika magoti, nikingojea nyundo. Haikuja. Moyo tu ulikuwa ukienda, mkubwa, mzima, na kichwa changu kikiwa kimetulia juu yake. Nimepona, au niko karibu sana. Nikangoja kitu cha pili, kile kicheko cha puani kinachonipita upande wa kushoto. Hicho nacho hakikuja.

Umeshinda, Baba. Kwa haki, mlimani, mbele ya miti yote ya Grimsta. Ulale ulipochagua.

Mengine niliyotaka kukwambia yalinijia baadaye, nikishuka. Nimeyaacha huko huko, kwa sababu kwenye mteremko hatujadili.

Mwanao,
wa upande wa Upinzani